Mwanga Ubavuni mwa Mama Bupe

Nguo ndiyo iliyoshtakiwa kwanza. Kitenge cha Mama Bupe kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni ya unga, na Tusekile, fundi wa mashine ya kupimia mwanga, alizijua sabuni hizo kwa ukorofi wake: nguo ikianikwa juani hunywa mwanga, na ikiingizwa gizani huutema kidogokidogo, kiasi ambacho jicho la mtu halikioni lakini mashine hukiona na kukisemea. Akamwomba radhi mama wa watu, akampa gauni jeusi la kituo, akamfunga upya ule mkanda wenye mamia ya vijicho vya kunasa mwanga kuzunguka tumbo, akazima taa.

Doa la mwanga likarudi palepale kwenye skrini, chini ya mbavu za kulia.

"Bado tu?" Mama Bupe aliuliza gizani.

"Bado, mama. Samahani, una shanga kiunoni?"

"Nilikuwa nazo, mwanangu. Nilizivua baba yake Bupe alipofariki. Sasa nimvalie nani?"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa giza. Zikafuata habari za mafuta ya kujipaka. Mama alikuwa amejipaka ya mgando, yale ya watoto. Akafutwa kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka ngozi ikakauka, na doa likabaki vilevile. Hapo Tusekile akaacha kutafuta mchawi nje. Mwanga ule ulikuwa unatoka ndani ya mwili, na jambo hilo lilimfurahisha kabla halijamtisha, maana ndivyo alivyoumbwa: kitu kisichoeleweka kilimtia njaa.

Mama Bupe hakupaswa kuwaka. Alizaliwa zamani, kabla ya sindano. Waliokuwa wakiwaka ni watoto wa sindano tu, ambao mama zao walidungwa mimba ilipofika mwezi wa tano, nao wakazaliwa na jeni ya kimulimuli ndani ya kila seli. Seli ikifanya kazi kwa nguvu, au ikiumia, huwaka. Huko Tukuyu watu walikwisha kuzoea: mtoto akishikwa na homa hupelekwa Chumba cha Giza, hunyweshwa kikombe cha kinywaji kichungu kinachozipa seli kitu cha kuchoma, na ugonjwa hujionyesha wenyewe ulipojificha.

Bupe mwenyewe alikuwa amelala wodi ya juu, binti wa kidato cha pili, na ini lake lilikuwa limewaka lote wiki hiyo, likaanza kufa. Mama yake alikuja kumkatia kipande cha ini lake. Upasuaji ulikuwa kesho asubuhi. Kila anayetoa kiungo hupitishwa Chumba cha Giza kwa desturi tu, na kwa watu wazima desturi hiyo humalizika upesi, kwa skrini nyeusi na kikombe cha chai.

*

"Hiyo ni Bupe," alisema Daktari Gwamaka, mpasuaji, akiwa amesimama mlangoni na buti za mvua bado miguuni. "Mtoto akiwa tumboni humwachia mama yake seli. Tunaziona kila mara. Na seli za Bupe zikimrudia Bupe, kuna ubaya gani? Andika, tuendelee."

"Nipe saa moja, Dokta."

"Tuse, mimi nakufahamu. Saa moja yako ina watoto na wajukuu."

Lakini alimpa, akaondoka.

Shida ya mwanga mwilini ni kwamba hauendi mstari mnyoofu. Kila mtoto amewahi kufumbata tochi kiganjani akaona vidole vikiwa vyekundu. Damu hula rangi ya kijani, hubakiza nyekundu, na nyama huitawanya hiyo iliyobaki huku na huko mpaka itokee popote. Ukiona mng'ao juu ya ngozi, hujui kama ni taa ndogo iliyo karibu au taa kubwa iliyo mbali. Hata rangi inaweza kukudanganya, kwa sababu taa ya kijani iliyozama sana hutokeza nje ikiwa nyekundu, ukaidhani ni nyekundu tangu mwanzo.

Kwa hiyo programu ya Tusekile ilikuwa inakisia. Ilichukua picha ya mwili wa Mama Bupe, ini, mbavu, mafuta na mishipa, ikaweka taa ya kubuni mahali fulani, ikazimwaga chembe za mwanga kwa mamilioni zitangetange humo, kisha ikahesabu zilitokea wapi. Zisipolingana na zile zilizoonwa na mkanda, taa inahamishwa, mchezo unaanza upya. Na kwa kuwa majibu yanayolingana huwa mengi mno, Tusekile mwenyewe alikuwa ameifundisha kanuni moja: ukikwama, chagua jibu lenye taa chache kuliko yote. Ilikuwa kanuni nzuri. Uvimbe wa saratani kwa kawaida ni doa moja au mawili, na kanuni ile ilikuwa imeokoa watu wengi.

Programu ikajibu bila kusita: taa moja, karibu na ngozi, nyekundu. Nyekundu ndiyo rangi iliyotiwa kwenye sindano za watoto wa umri wa Bupe. Gwamaka alikuwa sahihi, na mtu mwingine angefunga kompyuta akaenda zake kula.

Tusekile akatazama mabaki. Mabaki ni ule mwanga ambao jibu limeshindwa kuueleza, na wenzake waliuita takataka. Yeye ulimwasha kama upupu. Takataka haina umbo, hutapakaa ovyo. Mabaki ya Mama Bupe yalikuwa na umbo: yamejipinda kama ganda la ndizi, yakazunguka lile doa, yakarudi nyuma kuelekea mgongoni. Kulikuwa na kitu kingine kule chini ambacho programu ilikiona ikakinyamazia, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeikataza kuona taa nyingi.

Akaiondoa kanuni. Programu ikapoteza wepesi wake, ikawa inajikongoja. Nje mvua ya Rungwe iliendelea kunyesha juu ya bati kama vile ilikuwa na mkataba. Tusekile alikunywa chai mpaka ikapoa, akainywa ikiwa imepoa.

Jibu lilipokuja, hapakuwa na taa moja. Palikuwa na mstari mrefu wa vitaa hafifu, umepita juu ya kovu la zamani katikati ya ini, ncha yake moja karibu na ngozi na nyingine imezama ndani kabisa. Na kama umezama hivyo, basi ule wekundu haukuwa wake, ni damu iliyomaliza kijani chote njiani. Tusekile akairudishia hesabu ile rangi iliyoliwa, kidogokidogo, kwa kila kina, akangoja rangi ya asili ijitokeze.

Ilikuwa ya kijani chenye manjano, rangi ya kimulimuli wa shambani.

Akashika kichwa. Sindano ya kijani ilitumika mwaka wa kwanza tu, kisha ikaachwa kwa sababu kijani kinapotelea kwenye damu. Bupe alizaliwa baadaye, miaka ya nyekundu. Mwanga ule haukuwa wa Bupe. Ulikuwa wa mtoto aliyemtangulia, na kwa maelezo yote ya kituo, Bupe hakuwa na aliyemtangulia.

*

"Na kovu?" Gwamaka aliuliza. Alikuwa ameketi sasa, na utani wote umemtoka.

"La zamani. Nadhani ini liliumia wakati wa mimba ile. Seli za mtoto zilikwenda pale zikaziba. Mpaka leo zinafanya kazi ya ini, Dokta. Ndiyo maana zinawaka."

"Mstari unapita wapi?"

Tusekile akamwonyesha. Ulikatiza moja kwa moja pale ambapo kisu kingepita. Nusu ingebaki kwa mama, nusu ingehamia kwa binti.

Gwamaka akavuta pumzi. "Basi nitakachosema unakijua. Bupe akishapandikizwa, ulinzi wetu ni mwanga wake tu. Mwili ukianza kulikataa ini, tutauona unawaka, tutawahi. Sasa ukimwekea humo kijani kilichozama, kinachotoka nje na sura ya nyekundu, nitajuaje ni nani anayewaka? Nimpe dawa kali bure nimuue, au ninyamaze nimuue. Apewe dawa ya kuzima leo jioni, seli zote ngeni zife, kesho nikate ini safi. Na ruhusa ya kuzima seli ngeni alishatoa."

"Alitoa bila kujua ni za nani."

"Za nani? Ni seli, Tuse. Mtu hayupo pale."

"Najua kwamba hayupo."

"Sasa unataka kumwambia ili iwe nini? Akisema hapana? Twende wodini ukamweleze Bupe kwamba mama yake amemchagua marehemu?" Aliona jinsi maneno yake yalivyomchoma Tusekile, akapunguza sauti. "Mimi si mtu mbaya, dada. Nina msichana kule juu ambaye macho yake yamekuwa ya njano kama kiini cha yai. Nenda kamuulize mama kama aliwahi kubeba mimba nyingine, hilo nalihitaji kwa usalama wa kesho. Usiongeze neno."

Tusekile alishuka ngazi polepole. Hakumwona Gwamaka kuwa mwongo, na hilo ndilo lililomtesa. Kusema kungeweza kumgharimu Bupe uhai. Kunyamaza kulikuwa ni kumwua mtu aliyekwisha kufa, kimyakimya, mbele ya mama yake, huku mama akishukuru na kuuliza kama kuna chai zaidi.

*

Mama Bupe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, gauni jeusi limempwaya, anasukuma maharage ya hospitali pembeni mwa sahani.

"Karibu, mwanangu. Mmelipata hilo jini lenu?"

"Mama, nina swali la kitabibu." Tusekile alisikia jinsi sauti yake ilivyokauka. "Kabla ya Bupe, uliwahi kubeba mimba nyingine?"

Kijiko kikatua. Mama aliutazama mlango, kisha akamtazama binti huyu aliyekuwa sawa na mdogo wake wa mwisho.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Hata Bupe hajui." Akafuta midomo kwa kiganja. "Alikuwa wa kiume. Nilisikia tu wanasema wa kiume. Nilikuwa nimeugua manjano mimba nzima, nikajifungua mwezi wa nane, akatoka kimya. Mama mkwe na shangazi zake mume wangu wakamfunga kwenye kitambaa, wakampeleka nyuma ya migomba. Hawakunionyesha. Walisema ambaye hakulia hawekewi msiba, na mimi nikilia nitafunga tumbo, sitazaa tena. Basi nikajikaza. Siku ya pili nilikuwa jikoni, nakoroga uji, wageni wanasema pole kwa kuugua." Akaisukuma sahani mbali. "Kwa kuugua, mwanangu. Kumbe nilikuwa ninaugua."

Hapo neno la Gwamaka lilimtoka Tusekile kichwani. Hakukata shauri lolote. Aliona tu kwamba amekwisha kaa chini, ameushika mkono wa mama, na anasema.

Alisema yote, kwa maneno ya kawaida, na hakuficha chochote upande wowote: mstari wa kijani, kovu, kisu, Bupe, dawa ya kuzima. Mama Bupe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko ya madaktari wengi.

"Ananiona?"

"Hapana, mama. Si yeye mzima. Ni seli zake, kama vile mtu akiondoka akaacha nyayo."

"Nyayo hazifanyi kazi. Umesema hizi zinafanya kazi."

"Zinafanya. Zinasafisha damu yako. Bila zile, ule ugonjwa wa manjano pengine usingepona."

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyenitibu."

Tusekile alitaka kusahihisha, akashindwa kupata kosa. "Ndiyo, mama."

"Na hamuwezi kumtofautisha na dada yake? Wewe si umemtofautisha leo?"

"Nimemtofautisha mchana kutwa, kwa mwili uliotulia. Bupe akizidiwa, daktari atakuwa na dakika chache tu. Nikikosea, ni yeye anayekufa. Nikiwa mkweli, mama, siwezi kuapa."

Mama akakitazama kiganja chake mwenyewe kwa muda. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Zima," akasema. "Bupe anapumua. Mzime kaka yake, mimi nitajua namna ya kumwambia." Halafu akainua uso. "Ila nisilale kitandani mnichome sindano kama ng'ombe. Nataka nikae naye mpaka aishe. Mule mwenye giza."

*

Gwamaka hakugomba. Alipoambiwa, alisema "Haya", akaja mwenyewe kutundika chupa ya dawa, akampa mama shikamoo ambayo asubuhi aliisahau. Kisha akatoka akafunga mlango, na giza likawa kamili.

Dawa ilidondoka tone kwa tone. Tusekile alikaa nyuma ya pazia zito, mbele ya skrini iliyopunguzwa mwanga mpaka mwisho. Mkanda ulikuwa umezunguka tumbo la mama na vijicho vyake vyote vilikuwa wazi. Alijua kitakachotokea. Seli hizo zikiuawa kwa dawa hii hazififii kistaarabu. Hupasuka, na zinapopasuka huchoma kwa mara moja akiba yote ya moto ziliyokuwa nayo. Kwa watoto wa nyekundu alikwisha kuona mara nyingi. Kwa kijani, kilichozama, kwenye mstari ambao mahali pake panajulikana, hakuna mtu aliyewahi kukiona. Kingempa kwa mkupuo mmoja kile alichokihangaikia tangu aanze kazi: kijani kinabadilikaje njiani, hatua kwa hatua, kutoka ndani hadi ngozini. Baada ya hapo programu isingedanganywa tena na rangi. Watoto wangapi wangenufaika, hakuthubutu kukisia. Vidole vilimwasha.

Upande wa pili wa pazia Mama Bupe alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, Kinyakyusa, maneno ambayo mtu humwambia mtoto anapomvalisha. Tusekile aliyaelewa, akajitahidi asiyasikilize.

Namba zikaanza kupanda.

Hapo ndipo likamjia wazo, na alilichukia kwa jinsi lilivyokuja wakati mbaya. Mchana kutwa alikuwa anahesabu kwa kurudi nyuma, kutoka ngozini kwenda ndani. Sasa akahesabu kwa kwenda mbele, kutoka ndani kuja ngozini, hesabu rahisi ambayo hakuna anayejisumbua nayo: seli zote hizi, kwa pamoja, zikichoma akiba yao yote, ni chembe ngapi zitakazotoka nje? Zilikuwa nyingi. Kwa jicho lililokaa gizani muda mrefu kama la mama yule, pengine zilitosha.

Isipokuwa mkanda ulikuwa umeziba ngozi yote.

Namba zilipanda tena. Mstari wa kijani ulikuwa unajichora kwenye skrini, safi kuliko kitu chochote alichowahi kukiona, na bado kilele hakijafika. Hawakunionyesha, mama alikuwa amesema. Tusekile alikaa na neno hilo kwa muda usiozidi pumzi mbili, na katika pumzi hizo mbili aliwaza kila mtoto ambaye angefaidika, na aliwaza kwa dhati.

Akazima skrini, akapenya kwenye pazia, akapapasa mpaka akaukuta mgongo wa mama.

"Mama, naufungua mkanda."

"Amekwisha?"

"Hapana. Inama utazame hapo chini ya mbavu. Usitazame moja kwa moja, tazama pembeni kidogo."

Kifungo kikaachia. Mkanda ukaanguka sakafuni, na vijicho vyake vyote vikatazama saruji. Mwanzoni hapakuwa na kitu, na Tusekile akaogopa kwamba amekosea hesabu iliyo rahisi kuliko zote. Kisha pale ubavuni, polepole, giza likapauka. Ulikuwa mng'ao mwekundu, hafifu, mpana kama kiganja cha mtoto, unatetemeka.

Mama Bupe hakupumua. Alipeleka mkono wake mpaka karibu, akausimamisha hapo, asije akamfunika.

"Ni huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mzuri hivi," Mama Bupe akasema, na hapo ndipo akalia kwa sauti, kilio kile kinachowatoa majirani ndani ya nyumba zao, na Tusekile akalia pamoja naye, kwa sababu msiba hauliliwi na mtu mmoja. Mlango ukafunguliwa kidogo, mtu akachungulia, akaurudisha taratibu. Waliendelea kulia na kutazama mpaka pale ubavuni pakawa giza kama pengine pote.